Bibi yangu alibeba jiwe kwenye maonyesho ya sanaa hapa Arusha

Mjukuu wa Leguruki (mleta mada)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Nina jambo nimekaa nalo tangu Jumamosi na nimeshindwa kulimaliza peke yangu. Ni refu. Mwenye haraka apite, mwenye nafasi akae.

Jumamosi nilimpeleka bibi yangu, mama yake baba, mjini kuchukua miwani. Tulitoka Leguruki alfajiri, saa nne tukawa tumemaliza. Mdogo wangu anayesoma chuo alikuwa ameniambia kwamba upande wa Themi kuna nyumba ya maonyesho imeweka kazi inayohusu Wameru na ardhi, kiingilio kwa Mtanzania elfu tano. Nikamuuliza bibi kama amechoka. Akasema hajachoka, na angependa kupata kitu cha kuangalia kwa miwani mpya kabla ya kurudi kwenye migomba aliyoizoea.

Mimi mwenyewe sikujua tunaenda kuona nini. Arusha hii, sanaa tuliyoizoea ni ya kumuuzia mgeni: twiga, mlima wenye theluji, Mmasai amesimama kwa mguu mmoja, vinyago vya mpingo. Hata lile jengo kubwa la barabara ya Dodoma, ambalo ndani unapanda kwa kuzunguka kama unafuata ganda la konokono, wengi wetu tunalipita kwenye daladala tu. Nilitegemea picha ukutani. Hapakuwa na picha hata moja.

Ni chumba kirefu, madirisha yamezibwa kwa kitambaa cheusi. Sakafuni umemwagwa udongo mwekundu uliochanganywa na majivu, na juu ya udongo yamepangwa mafiga. Majiko kumi na moja, niliyahesabu, kila moja mawe matatu. Hakuna chungu, hakuna kuni. Kutoka darini zinaning'inia senti za zamani, zile za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, zimetungwa kwenye nyuzi za katani, mamia kwa mamia, na taa ndogo inazimulika hivi kwamba mtu akipita vivuli vya yale matundu vinatembea juu ya majivu. Na kuna sauti. Ng'ombe wanalia, wengi, halafu mbwa mmoja, halafu kimya kirefu mpaka unadhani spika imekufa, halafu upepo.

Mlangoni kuna kibao. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza, iliyokuwa inaitawala Tanganyika chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi igawanywe mashamba 13 ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Watu wakapelekwa King'ori. Wameru wakachangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa anafanya kazi Moshi. Ndiyo maana ya zile senti. Historia hii nilikuwa naijua. Niliifanyia mtihani, jina la Kirilo nikaliandika, nikapewa alama zangu.

Bibi hakusoma kibao. Alisimama kizingitini muda mrefu, nikadhani ni giza linamsumbua. Akavua viatu. Akaniuliza kwa Kimeru, sauti ya chini kama ya mtu anayeingia msibani: "Hizi ni nyumba za nani?" Nikamwambia ni sanaa, bibi, kuna msanii amepanga. Akasema, "Aliyepanga aliambiwa na mtu aliyeona." Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha mawe. Figa la jiko linalopikiwa, alisema, linakuwa jeusi upande mmoja, upande wa moto. Mgongo wake unabaki na rangi ya jiwe. Haya yalikuwa meusi pande zote. "Figa haliwi jeusi mgongoni mpaka nyumba iungue juu yake."

Nilikuwa nimeyaangalia mawe yale dakika kumi nzima na sikuona.

Halafu bibi akavuka kamba. Akaenda moja kwa moja kwenye jiko la tatu kutoka mlangoni, akainama, akanyanyua figa moja, akalifuta majivu kwa kanga yake, akalikumbatia na kuanza kutoka nalo.

Mlinzi akaja mbio. Alimwamkia kwanza, shikamoo bibi, nami nampa heshima yake kwa hilo, ndipo akamwambia kwamba vitu vya humu haviguswi. Bibi akaitikia marahaba, akaendelea kutembea. Akatoka dada wa mapokezi, huyu hakuamkia, sauti juu, kwamba ile ni mali ya watu na tunaweza kulipishwa. Wageni wawili waliokuwa ndani wakatoa simu kupiga picha. Na mimi, mjukuu wake, nilimwambia bibi yangu mbele ya watu wale: "Rudisha jiwe, unatutia aibu." Neno hilo nimelisikia kichwani siku zote hizi.

Hakurudisha. Alikaa kwenye kiti cha plastiki pale ukumbini, jiwe mapajani, akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie: "Mama yangu alibeba moja."

Alikuwa na miaka kama minane. Waliambiwa watoke, na wasiotoka wakatolewa. Mama yake alikuwa na mtoto mgongoni, na mikono yake ingetosha kubeba unga, au mtungi, au ngozi ya kulalia. Akarudi jikoni akang'oa figa la nyuma, lile ambalo halisogezwi hata ukibadilisha chungu. Lilikuwa bado na joto. Akalifunga kwenye nguo akajitwisha. Bibi alitembea nyuma yake akiliangalia lile jiwe tu. Nyumba ikiungua hakuiona, kwa sababu mama yake aliwakataza watoto kugeuka. Aliisikia. Aliwasikia na ng'ombe. King'ori wakakuta joto na mbu, na watoto wakafa, akiwemo yule wa mgongoni.

Nimelelewa na bibi huyu tangu nikiwa na miaka mitano. Sikujua kwamba kulikuwa na mtoto mgongoni.

Wakuu, ninachoomba ni hiki. Kama umewahi kuingia kwenye kazi ya namna hii, inayohusu siasa, ardhi, vita, utawala, popote pale, andika ilikufanya nini wewe. Maelezo ya kwenye kibao tunaweza kuyasoma wenyewe. Na mnisaidie hili pia: bibi aliharibu kazi ya mtu?

Mtu wa Kikatiti

Pole sana kwa bibi, mpe shikamoo zangu.

Nitasema ninavyoona, usinichukie. Habari ya bibi imenigusa, lakini ni habari yake iliyonigusa, si kile chumba. Angekusimulia mkiwa shambani ningeguswa vilevile. Mimi mafiga ninayo nyumbani, majivu ninayo, udongo mwekundu ndio ninaolima. Msanii amefanya kazi gani hapo ya kunitoza elfu tano? Mchora picha namuelewa, mkono wake naouona. Huyu mkono wake uko wapi?

Mjukuu wa Leguruki (mleta mada)

Ndugu yangu wa Kikatiti, sikuchukii, ni swali ambalo nami ningeuliza Ijumaa. Nakujibu kwa jambo moja. Shambani tumekaa na bibi miaka ishirini na kitu. Hakunisimulia.

Fundi Taa

Mleta mada, nimefunga taa na spika kwenye maonyesho kadhaa, hapa na Dar, kwa hiyo niingie kwa upande wa ufundi.

Kazi hizi wengine wanaziita sanaa ya usakinishaji. Msanii hachongi kitu akakiweka juu ya meza. Anachukua chumba chote, kuanzia sakafu mpaka dari, mwanga, sauti, harufu, hata urefu wa njia utakayopita. Mkono wake, ndugu wa Kikatiti, uko kwenye kile kimya alichokisema mleta mada. Kuna mtu alikaa na mashine akapima ni sekunde ngapi za kimya zinamtosha mtu kuanza kusikia pumzi zake mwenyewe. Zikizidi anatoka. Zikipungua hajaingia. Uko kwenye taa pia. Kivuli cha tundu la senti kutua kwenye majivu bila kupotea si jambo la bahati, unahangaika nalo usiku kucha juu ya ngazi.

Sasa hili la kugusa. Kamba huwekwa kwa sababu za kweli: mali ya watu, bima, usalama. Mwaka 2010 msanii wa China, Ai Weiwei, alimwaga mbegu za alizeti milioni 100 kwenye ukumbi wa Tate Modern, London. Mbegu zile ni za kauri, zilifinyangwa na kupakwa rangi kwa mikono na mafundi wa mji mmoja wa China. Mwanzoni watu waliruhusiwa kutembea juu yake, kulala, kuzishika. Baada ya siku chache wakazuiwa, kwa sababu vumbi la kauri lingeweza kudhuru mapafu. Kazi ikabaki ya kuangaliwa kwa mbali. Mwaka uliofuata mwenyewe akakamatwa kwao, akashikiliwa siku 81.

Lakini ziko kazi zinazotaka uchukue. Felix Gonzalez-Torres, aliyekuwa anafanya kazi Marekani, mwaka 1991 alirundika pipi kwenye pembe ya chumba, kilo kama 79, kwa ajili ya mpenzi wake aliyekufa kwa UKIMWI, wakati ambapo serikali ya kule ilikuwa imechelewa sana kuwajali wagonjwa wale. Kila anayeingia anaruhusiwa kuchukua pipi. Rundo linapungua kama mwili wa mgonjwa ulivyopungua, halafu linajazwa tena. Ukichukua moja na kuila umeshaingia ndani ya ile habari.

Kwa hiyo kama bibi ameharibu au la, anayeweza kujibu ni msanii. Mapokezi hawawezi.

Mhudumu wa Zamani

Nimeusoma uzi huu mara mbili. Mimi si mtu wa kuandika sana.

Nilifanya kazi ya usafi pale AICC, lile jengo la mikutano ya kimataifa hapa Arusha, miaka ya mahakama ya Rwanda. Wadogo labda hamkumbuki, mji huu ulibeba jambo zito. Umoja wa Mataifa uliunda ile mahakama Novemba 1994, ikawekwa hapa kwetu, ikafunga Desemba 2015. Watu 93 walishtakiwa. Septemba 2, 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, na ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Sisi kazi yetu ilikuwa sakafu, viti, glasi za maji. Mashahidi walizungumza nyuma ya pazia ili wasionekane. Nilikuwa naokota karatasi za kufutia machozi kwenye kapu la nyuma ya lile pazia. Kila siku ya ushahidi kapu lilijaa. Sura ya mwenye machozi sikuiona hata mara moja.

Siku moja mwanasheria mmoja aliacha kitabu cha picha za sanaa mezani, nikakifungua, akanikuta, akanieleza badala ya kunifukuza. Kulikuwa na kazi ya Alfredo Jaar, mtu wa Chile, aliyekwenda Rwanda Agosti 1994 wakati damu bado mbichi. Alipiga picha nyingi sana za maiti, halafu akaona hawezi kuzionyesha, maana dunia ilikuwa imeziona za namna hiyo na haikufanya kitu. Kazi niliyoiona kwenye kitabu ilikuwa meza kubwa inayotoa mwanga, na juu yake rundo la slaidi milioni moja. Ukichukua slaidi yoyote ukaitazama kwa kioo cha kukuzia, unaona macho mawili ya mtoto wa miaka mitano aliyeona wazazi wake wakiuawa kwa panga na akakaa wiki nne bila kusema neno. Slaidi zote milioni ni macho hayohayo. Mtoto mmoja.

Ndugu wa Kikatiti umeuliza mkono wa msanii uko wapi. Mimi sikusoma mbali. Lakini nilivyoona lile rundo nilikumbuka kapu langu, na siku hiyo ndiyo nililia kwa mara ya kwanza tangu nianze ile kazi. Nilikuwa na miaka mitatu kazini.

Bibi hajaharibu kitu.

Mtu wa Kikatiti

Mzee wangu, shikamoo. Nimekusoma na nimenyamaza.

Binti Kibosho

Mimi niko Moshi. Kwetu tunalo jambo linalofanana na hili, na ninataka kulisema kwa sababu mahali kazi ilipowekwa palibadilisha kila kitu.

Machi 2, 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wa Wachaga kule Old Moshi, pamoja na viongozi wengine, halafu kichwa chake kinaaminika kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake amekitafuta kwa miongo mingi. Sasa kuna kazi ya usakinishaji iliyofanywa na Konradin Kunze na Sarita Mamseri kuhusu habari hiyo, video na sauti. Ilianza kuonyeshwa Berlin mwaka 2018, ikaletwa Dar, kisha ikafika Old Moshi penyewe. Berlin walioiangalia walikuwa ni watu wa nchi iliyochukua kichwa. Old Moshi walioiangalia ni wa ukoo.

Niliingia na baba yangu. Baba si mtu wa makumbusho, ni mkulima wa kahawa. Alitoka kimya, hakusema kitu kwenye gari. Tulipofika nyumbani akaenda nyuma ya nyumba, pale walipozikwa babu zetu, akasimama kule mpaka giza likaingia. Wachaga wenzangu wanaelewa. Kwetu mtu anazikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo wake, na aliyezikwa pungufu hajazikwa. Mwaka 2023, Berlin walipotangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu waliyonayo, akiwemo akida wa Mangi Meli, baba ndiye aliyenipigia simu kunipa habari. Kabla ya kuingia kwenye kile chumba hakuwa anafuatilia.

Nikujibu na wewe kaka wa Kikatiti, kwamba mafiga unayo nyumbani. Kuna Mghana, Ibrahim Mahama, anachukua magunia ya juti yaliyobebea kakao na baadaye mkaa, anayashona pamoja, anafunika nayo jengo zima. Nilipoona picha zake nilichukia kidogo kama wewe. Gunia! Baba yangu ameshona na kubeba magunia ya kahawa kupeleka chama cha ushirika maisha yake yote. Halafu nikajiuliza kwa nini nimechukia, nikagundua ni kwa sababu sijawahi kuliangalia gunia kama kitu kinachostahili kuangaliwa. Mgongo wa baba una alama yake.

Lakini Mjukuu, lililoniuma kwenye habari yako ni hilo la elfu tano na dada asiyeamkia. Kazi inahusu watu wa Ngare Nanyuki na inawekwa mahali ambapo mtu wa Ngare Nanyuki akiingia anaonekana mwizi.

Mwalimu wa Historia

Niliwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wiki iliyopita kwenye chumba hichohicho. Kwa miaka tisa nimefundisha kesi ya ardhi ya Wameru kwa aya moja ya daftari, pamoja na ile sehemu ya mwisho kwamba azimio halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Mwanafunzi mmoja alitoka akaniuliza: "Mwalimu, kwa hiyo walishindwa, sasa zile senti walirudishiwa?" Sina jibu mpaka leo na nimeacha kufundisha kwa ile aya.

Mfugaji wa Juu

Naandika nikiwa Karatu. Natoa pole kwa bibi, na ninayaheshimu yote yaliyosemwa. Ila niruhusuni niseme kinachonikaa kooni.

Ni rahisi kuweka mafiga ya mwaka 1951. Aliyechoma ni Mwingereza, ameshaondoka, hakuna atakayepiga simu kuuliza. Tangu mwaka 2022 kuna watu wametoka Ngorongoro kwenda Msomera kule Handeni. Wapo wanaosema wamekwenda kwa hiari yao na wamepata nyumba nzuri, wapo wanaosema hapana. Mimi nina ndugu pande zote mbili na sherehe za ukoo tunakaa bila kulitaja. Nilikwenda kwenye chumba hicho mwezi uliopita. Nilisimama pale kwenye sauti ya ng'ombe na sikuwa nawaza 1951 hata kidogo. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nje mpaka mlinzi akaniletea maji.

Sijui kama msanii alikuwa anawaza kama mimi. Najua kwamba hakuandika mwaka wowote ndani ya chumba. Mwaka uko mlangoni tu.

Fundi Taa

Mfugaji, umeona kitu ambacho wengi hawakioni. Maandishi ya mlangoni mara nyingi si ya msanii, ni ya nyumba ya maonyesho.

Mjukuu wa Leguruki (mleta mada)

Mfugaji, asante kwa kuandika. Nimemsomea bibi ujumbe wako, neno kwa neno, jioni hii. Aliuliza tu: "Mafiga yao wameyabeba?" Sikujua la kumjibu. Kama unajua, nijibu.

Mfugaji wa Juu

Mwambie bibi kwamba shangazi yangu alibeba kibuyu cha maziwa na kijiti cha kukisafishia. Mawe aliyaacha. Mwambie ninamwamkia.

Mtu wa Kikatiti

Nimerudi. Leo nilikuwa mjini kwa shughuli zangu, nikapita Themi, nikalipa elfu tano.

Sitaandika sana. Jiko la tatu kutoka mlangoni lina mawe mawili. Halijajazwa. Nilisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Majiko kumi yana mawe matatu na sikumbuki hata moja lilivyokaa, lakini lile la mawili ningeweza kukuchorea sasa hivi, na shimo lililobaki kwenye majivu, na alama ya kidole cha mguu pembeni. Mguu mtupu. Nafikiri ni wa bibi.

Nimeuona mkono wa msanii, na nimeuona na wa mwingine.

Mjukuu wa Leguruki (mleta mada)

Wakuu, naleta marejesho. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa kijijini na mtandao wa huku mnaujua.

Jumatano nilipigiwa simu na msanii mwenyewe. Ni binti wa Maji ya Chai, hana hata miaka thelathini. Nilianza kuomba radhi, akanikatisha, akasema yeye ndiye anayetafuta pa kuombea radhi. Alipewa habari na mlinzi. Dada wa mapokezi alikuwa ameagiza jiwe lirudishwe mahali pake, mlinzi akampigia kwanza, naye akasema lisiguswe, na jiko libaki hivyo mpaka siku ya mwisho ya maonyesho. Jiwe alilobeba bibi liko bado ukumbini, juu ya kile kiti cha plastiki. Ameomba kiti kisiondolewe. Hajaweka kibao.

Nilimuuliza kuhusu weusi wa mgongoni. Akasema aliambiwa na babu yake, ambaye mwaka ule alikuwa kijana wa kuchunga, na ambaye aliruhusiwa siku moja kurudi kutafuta ndama. Babu alikuwa ameshafariki kazi ilipofunguliwa. Yeye mwenyewe hakutegemea kwamba kuna mtu ataingia mle na kuusoma ule weusi. Aliyachoma mawe yale siku tatu, moja moja, pande zote, kwa ajili ya babu tu.

Jumapili akapanda Noah mpaka Leguruki na kilo mbili za sukari. Bibi alimpokea jikoni, si sebuleni, na mnajua maana yake. Walizungumza kwa Kimeru kwa saa tatu. Mengine ni yao, nisiyaandike hapa. Bibi anataka kwenda tena akiwa na wenzake wanne wa rika lake, watatu wako Ngare Nanyuki na mmoja King'ori, na binti amepata kibali waingie bila kiingilio siku yoyote, bila kamba. Nilijaribu pia kumwomba bibi msamaha kwa lile neno la aibu. Alinishika kichwa akaendelea kumenya ndizi.

Nimebakiwa na jambo moja. Binti alipokuwa anaondoka alimuuliza bibi, kwa woga, lile figa la mama yake liliishia wapi. Bibi akashangaa kuulizwa. Akasema lilitoka King'ori siku alipoolewa, mama yake akamfungia kwenye kanga, likaja naye hapa. Akaelekeza kwa kisu cha ndizi.

Ni figa la nyuma. Liko pale jikoni, limeegemea ukuta, na miaka yangu yote nimelikalia nikiota moto, nimepasulia karanga juu yake, nimeligonga kwa kidole cha mguu nikiwa darasa la tatu mpaka kucha ikatoka. Wageni walipoondoka na bibi akaenda kulala, nilirudi jikoni na tochi ya simu. Jiko lilikuwa limepoa. Nikaondoa majivu kwa mkono, nikalivuta kidogo kutoka ukutani, nikaligeuza.

Mgongo wake una rangi ya jiwe.